Marehemu Yupo Kazini

Kifurushi kilikuwa kimefika asilimia arobaini na moja, nami nimeinamia kioo cheusi nikisoma majina ya vitu ambavyo bado havijaingia, pale Bi Siwema aliposimama mlangoni akasema, "Shemeji, nimekuja tena."

Nilimwonyesha kiti. Sikuweza kuinuka, kwa sababu amri ya kukusanya ikishaanza inataka mtu wa kuijibu. Kila baada ya muda inauliza: hili nalo niliweke? Ukichelewa kujibu mara tatu, inachukulia kwamba umekwenda nyumbani, inaanza upya.

Nieleze kidogo, maana si kila msomaji ana fundi jirani. Kazi yangu ni kuandika amri kwenye kioo kisicho na picha. Amri ziko nyingi lakini za lazima ni mbili. Ya kwanza inaitwa *kusanya*. Hiyo huzunguka ndani ya mashine zote za Idara, ikapima joto, feni, diski na kumbukumbu, kama nesi anavyompima mgonjwa kabla daktari hajafika, kisha ikafunga yote katika kifurushi kimoja. Ya pili inaitwa *tukio*. Hiyo hufungua daftari la matukio, ambamo mashine yenyewe huandika nani ameingia, lini, kutoka meza ipi, na amefanya nini. Daftari hilo halina chuki na mtu, wala halina aibu.

Amri hizi nilijifunza mwenyewe, katika kitabu nilichokiokota kwenye ghala la Idara. Panya walikuwa wameshakula sura tatu za mwanzo. Mpaka leo sijui vizuri namna ya kuanza jambo. Najua kuendelea.

Jina la nchi yetu, kisheria, hutajwa mtu akiwa amesimama. Naandika nikiwa nimekaa, kwa hiyo sitalitaja. Itoshe kusema kwamba kesho kutwa ilikuwa Siku ya Uzima wa Mfumo, na kila Idara ilipaswa kupeleka kifurushi chake Wizarani. Wizara ilikuwa imetusaidia sana. Ilibadilisha *kusanya* ili mstari wa kwanza uandike MZIMA, ndipo vipimo vianze. Tena ilifuta neno "kosa" katika mashine zote, ikaweka "fursa". Asubuhi hiyo nilikuwa nimeshasoma: FURSA KUBWA, DISKI YA TATU HAIZUNGUKI TENA.

"Wamesemaje leo?" nilimuuliza Bi Siwema.

Alikaa, akaweka mfuko wa plastiki magotini. Ndani ya mfuko mlikuwa na suti ya kahawia iliyopigwa pasi. Huu ulikuwa mwezi wa kwanza wa ujane wake, na kwa siku ishirini na tatu alikuwa ameibeba suti hiyo kila alipotoka nyumbani.

"Leo nimemkuta yule mama wa dirishani, pale mochwari. Kafungua mashine yake, kaniambia, 'Mama, mumeo kaingia kazini leo saa moja na dakika ishirini na nane. Nitakupaje maiti ya mtu aliye kazini?' Nikamwambia, droo namba sita, nenda kamwangalie. Kaenda. Karudi, kaniambia, 'Ni kweli yupo. Lakini na kule yupo.'"

"Halafu?"

"Kasema nirudi akishatoka kazini."

"Anatoka saa tisa na nusu."

"Ndiyo. Na wao wanafunga saa tisa."

Mumewe, Danstani Mbwilo, alikuwa Afisa Vibali wa Idara yetu kwa miaka kumi na tisa, na rafiki yangu kwa kumi na miwili. Moyo wake ulisimama siku ya Jumapili, akiwa anamwagilia mchicha. Nilikuwa mmoja wa watu wanne tuliombeba.

"Mikeka bado imetandikwa sebuleni," alisema. "Ndugu wa mbali wamesharudi makwao. Amebaki mama mkwe, na jirani mmoja ambaye nadhani anafuata chai. Shemeji, mimi sidai kitu kingine. Nataka kumzika. Na kabla sijamzika, nataka unionyeshe ni nani anayeamka asubuhi akalivaa jina lake."

Nilimwambia kwamba kwa utaratibu, daftari la matukio halifunguliwi bila idhini ya Mkurugenzi. Nikamwomba akae penye kiti changu.

"Ikiuliza, bonyeza N. Ni ya ndiyo."

"Na nikitaka kukataa?"

"Haina herufi ya kukataa."

*

Ili kufika kwa Mkurugenzi lazima upite meza ya kumi na nne, ambayo ndiyo ya Mbwilo. Nilikuwa nimezoea kuipita nikitazama upande wa dirisha. Siku hiyo nilijilazimisha kuitazama.

Sweta lake la kijivu lilikuwa mgongoni mwa kiti. Miwani ilikuwa juu ya faili, imefunguka mikono, kama mtu aliyeiweka sasa hivi. Kando yake palikuwa na kikombe cha chai, nacho kilikuwa kinatoa mvuke.

Mhudumu wetu, Mwatatu, alikuwa anasukuma toroli lake kuelekea meza ya kumi na tano.

"Mwatatu, hii chai umemwekea nani?"

"Umesahau kusoma, Fundi? Meza ya kumi na nne. Mbwilo, bila sukari."

"Mbwilo amefariki, dada yangu. Wewe ndiye uliyelia kuliko sisi wote."

"Nililia, na nitalia tena. Lakini orodha inatoka kwenye mashine kila asubuhi, na jina lake limo. Nisipoweka, nitaandika maelezo."

Nikamuuliza swali ambalo lilikuwa linaninyima raha kwa wiki tatu. Kila jioni nilipopita hapo, jicho liliniponyoka nikakiona kikombe kikiwa kitupu, na majani yametulia chini. "Nani anainywa?"

"Mimi, nani mwingine? Nikirudisha kikombe kimejaa, wataniuliza kwa nini afisa hajanywa." Akasukuma toroli, kisha akasimama. "Ila juzi nilikuta imeshanywewa, Fundi. Sikumwambia mtu."

Si desturi yangu kuamua jambo kabla sijaona rekodi zake. Lakini nilipoondoka pale nilitembea haraka kidogo.

*

Mkurugenzi wetu, Mheshimiwa Kibopile, hapokei watu akiwa ameketi wala akiwa amesimama. Huegemea meza, ili mgeni asijue kama mazungumzo yameanza au yamekwisha. Ukutani nyuma yake palikuwa na picha mpya katika fremu ya dhahabu: MFANYAKAZI HODARI WA MWEZI, D. MBWILO. Ilikuwa ile ya kitambulisho, iliyokuzwa mpaka macho yakawa na ukungu.

Nilimweleza kwamba mjane anaomba mumewe atambuliwe kuwa amekufa.

"Ndugu Fundi," alisema kwa huruma nyingi, "nchi hii haikujengwa na watu wanaokufa ovyo. Kifo ni taarifa ya mdomo. Mtu anaambiwa, naye anamwambia mwingine. Mfumo ni taarifa ya Taifa. Zikigongana taarifa hizi mbili, wewe kama mtaalamu utaamini ipi?"

"Mheshimiwa, nilimbeba mwenyewe."

"Ulibeba. Sikatai. Uliandika mahali kwamba umebeba?"

Nilikiri kwamba sikuandika.

"Unaona." Aliigeukia picha. "Halafu tuwe wakweli. Mbwilo huyu zamani alikuwa na tabia. Ukimletea kibali anauliza, ramani iko wapi? Wananchi wameulizwa? Kile kisima cha Maweni, ambacho kilitakiwa kufukiwa ili uwanja wa gwaride upanuke, alikikalia miaka miwili. Sasa mtazame! Tangu mwezi uliopita hajauliza swali hata moja. Vibali elfu moja mia tatu na kumi na viwili! Waziri amenipigia simu mwenyewe, anataka kujua tulimfanyia mafunzo gani."

"Na akaunti yake, Mheshimiwa? Haiwezi kufungwa?"

"Kwa nini isiwezekane? Sisi si wakatili. Fomu Namba Tisa. Mwenye akaunti anaomba mwenyewe, anaweka kidole chake mwenyewe kwenye mashine ya kidole, siku hiyohiyo mfumo unaandika: ameondoka kazini kwa hiari. Hata mochwari watalisoma. Mlango uko wazi. Aje tu."

Nilipoomba idhini ya kufungua daftari, aliitoa bila taabu. Alisema daftari likisomwa na fundi ni sawa na barua kusomwa na posta.

*

Nilimkuta Bi Siwema anabonyeza N kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayehesabu shanga. Kifurushi kilikuwa kimefika asilimia hamsini na nane.

Nilifungua kioo cha pili, nikaandika:

*tukio tafuta nani=mbwilo tangu=kifo*

Mashine ikajibu kwamba neno "kifo" haina. Nikaandika tarehe.

Mistari ikaanza kushuka. Kila siku ya kazi, saa moja na dakika ishirini na nane, Mbwilo ameingia. Meza ya kumi na nne. Siku ya kwanza baada ya Jumapili ile, ameingia. Siku tuliyokuwa sote kwenye mikeka yake, na jengo zima likiwa limefungwa kwa ajili ya msiba wake, ameingia.

Bi Siwema alikuwa anasoma juu ya bega langu. "Saa moja na dakika ishirini na nane," alisema. "Alikuwa hajawahi kufika saa hiyo hata akiwa hai. Goti lake lilikuwa halimruhusu."

Aliposema goti, mkono wangu ulisimama juu ya herufi. Mtu anaweza kuishi na kitu nyumbani kwake, akakipita kila siku, mpaka mgeni aje akiguse.

Niliandika amri nyingine, inayoonyesha kila tukio limeanzishwa na nini. Jibu lilikuja katika mstari mmoja. Halikuwa jina la mtu. Lilikuwa jina la kazi ndogo ya ratiba, amri inayojiendesha yenyewe kila asubuhi, na pembeni yake jina la aliyeiandika, miaka mitatu iliyopita. Jina hilo lilikuwa langu.

Mashine iliuliza tena, nikanyoosha mkono nikabonyeza N.

"Shemeji," nilisema, "huo mzimu niliutengeneza mimi."

Nikamweleza. Miaka mitatu nyuma lilitoka Agizo la Kuwahi. Aliyechelewa kuingia kwenye mfumo saa moja na nusu, jina lake lilisomwa kwenye kipaza sauti cha getini pamoja na jina la mama yake mzazi. Mbwilo alikuwa na ghorofa nne za kupanda na goti moja la kupandia. Jina la mama yake lilisomwa mara tatu. Mara ya tatu alikuja hapa chumbani, akasimama palepale aliposimama Bi Siwema, akaniambia, "Fundi, mimi wanisome wanavyotaka, lakini yule bibi hajawahi kuchelewa popote." Jioni hiyo nikaandika mistari sita. Kila asubuhi mashine ikawa inamfungulia akaunti, naye akawa anapanda ngazi kwa mwendo wake. Tulipomzika, yaani tulipodhani tutamzika, sikuikumbuka.

Bi Siwema hakunipigia kelele. Ningependelea kelele.

"Kwa hiyo ni wewe unayemwamsha."

"Ni mimi."

"Kila siku."

"Isipokuwa Jumamosi na Jumapili."

Aliikunja na kuikunjua midomo ya mfuko wake. "Na vile vibali? Kisima cha Maweni? Danstani alikuwa anasoma karatasi mpaka mchuzi unaganda. Nilikuwa nagombana naye. Leo watu wa Maweni wananipita njiani hawanisalimu. Na hivyo umeviandika wewe?"

"Hivyo sivyo."

Nikamwonyesha. Akaunti ya Afisa Vibali ikishafunguliwa asubuhi, hubaki wazi kwa meza zote mpaka saa tisa na nusu. Wizara ilitaka hivyo ili kazi isikwame afisa akienda msalani. Vibali vile vilikuwa vimeidhinishwa kutoka meza ya pili, ya tano, ya sita, ya kumi na moja, na zaidi kutoka meza ya kwanza, ambayo ni ya kuegemea. Kila mwenye jambo ambalo hakutaka jina lake liwe karibu nalo, alikuwa amelipeleka kwa Mbwilo. Walikuwa wanakwenda kwake kama watu wanavyokwenda kaburini kuomba, tofauti ikiwa kwamba kaburi hawakumpa.

"Elfu moja mia tatu na kumi na viwili," alisema. "Hajakataa hata kimoja?"

"Kimoja." Nilisita, kisha nikakishusha. Ni haki yake kukiona. Kilisomeka hivi:

*OMBI: kutoa maiti ya D. Mbwilo kwa mazishi. MWOMBAJI: mke. UAMUZI: limekataliwa. SABABU: mhusika yupo kazini. ALIYEAMUA: D. Mbwilo.*

Alisoma mara mbili. Halafu akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha puani, na machozi yakafuata nyuma yake bila haraka.

"Miaka ishirini na moja ya ndoa," alisema, "hii ndiyo mara ya kwanza kaninyima kitu kwa maandishi."

*

Nilimwambia ninayoyajua, kwa mpangilio. Nikiifuta ile kazi ya ratiba leo, kesho Mbwilo hataingia, na mfumo utamwita mtoro. Mtoro hazikwi, hutafutwa. Polisi watakuja nyumbani kuuliza amejificha wapi, na mochwari wataogopa hata kuifungua droo. Nilijaribu kuifunga akaunti kwa amri, mbele yake. Mashine ikajibu kwa heshima: FURSA, AKAUNTI HUFUNGWA NA MWENYEWE KWA KIDOLE.

Alikaa akiutazama mstari ule. Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na watu wa kazi hiyo hawaiachi sentensi mpaka wamelielewa kila neno.

"Kidole," alisema.

"Ndiyo."

"Wameandika kidole. Hawakuandika kidole chenye uhai."

"Shemeji."

"Kidole anacho. Anavyo kumi, viko droo namba sita. Hiyo mashine ya kidole ni kubwa kiasi gani?"

Ilikuwa juu ya kabati, ndogo kama kasha la kiberiti cha jikoni, na waya wake. Nilimwonyesha. Aliishika, akaipima uzito mkononi, kisha akaijaribu kama inaingia kwenye mfuko wa suti. Iliingia.

Sikumwambia kwamba ni wazo baya. Nilitafuta ubaya wake katika Fomu Namba Tisa, kurasa zote tatu, sikuuona. Niliona tatizo moja tu, la getini.

"Kifaa cha Serikali hakitoki nje ya jengo bila kibali."

"Kibali anatoa nani?"

Alitazama uso wangu, akaelewa mwenyewe.

"Basi si yupo kazini?" alisema. "Muombe."

Ilikuwa saa tisa na dakika kumi. Akaunti ilikuwa bado wazi. Nikatazama kioo, na mistari ile ya meza ya kwanza, ya pili, ya tano. Nilikuwa nimetoka kuwahesabu wenzangu mmojammoja kwa sauti ya upole ya mtu asiyehusika. Meza yangu ni ya tisa. Katika mistari yote elfu moja na zaidi haikuwamo.

"Kama hutaki kutumia jina lake, sema," alisema Bi Siwema. "Sitakulaumu. Nitaendelea kwenda dirishani."

"Angekubali?" nilimuuliza.

Alifikiri kweli, hakujibu kunipendeza. "Angeuliza kifaa kinakwenda wapi, kwa kazi gani, na kinarudi lini. Ukimjibu vizuri, angeweka sahihi."

Basi niliandika ombi kama Mbwilo alivyokuwa anataka maombi yaandikwe. Kifaa: mashine ya kidole, moja. Kinakwenda: mochwari, droo namba sita. Kazi: mwenye akaunti kuomba mwenyewe. Kinarudi: siku hiyohiyo. Ilichukua muda, kwa sababu nililisoma mara tatu, na nilipofika kwenye neno la kuidhinisha, mashine ikaniambia Afisa Vibali ametoka. Ilikuwa saa tisa na nusu.

*Kusanya* nayo ilikuwa imefika asilimia tisini na mbili na imesimama kwenye diski ya tatu, inauliza kama diski isiyozunguka iwekwe. Juu kabisa ya kioo liliendelea kuwaka neno MZIMA. Niliiacha hapo, ianze upya. Kifurushi kitakwenda Wizarani na daftari lote ndani yake, mistari ya meza ya kwanza na, kesho, mstari wa meza ya tisa. Kule hawafungui vifurushi, wanavipanga kwa rangi. Lakini itakuwa imeandikwa.

Bi Siwema alisimama na mfuko wake. "Kesho saa ngapi?"

"Ataingia saa moja na dakika ishirini na nane. Saa mbili kibali kitakuwa tayari. Njoo na suti."

"Ninayo siku zote," alisema, akashuka ngazi za ghorofa nne polepole, ameshika ukuta upande ule aliokuwa anaushika mumewe.

Nilifungua mistari yangu sita. Nilikuwa nimekusudia kuifuta leo. Nikaweka kidole juu ya herufi ya kufuta, nikakiondoa. Kesho baada ya saa mbili. Mara moja tu ya mwisho itabidi nimwamshe.

Mwatatu alikuwa anakusanya vikombe. Alisimama meza ya kumi na nne, akakiinua kile cha Mbwilo, akatazama ndani, akanitazama mimi.

"Leo mimi sijakigusa," alisema.

Kilikuwa kitupu. Nilikitazama, na majani yake chini. Sikuandika chochote.

"Fundi, kesho nimwekee?"

"Mwekee," nikasema. "Iwe ya moto. Ana kazi."